Mwanasesere wa Nchi ya Shwari

Mkinisadiki, heri. Mkinikatalia, shauri yenu, mimi sikuitwa mahakamani. Iko nchi moja inaitwa Shwari, na msiitafute kwenye ramani, maana wenyewe hawapendi kuchunguliwa. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina Mlezi Mkuu ambaye ni baba wa wenye baba na wasio na baba. Na ina sifa moja ambayo hakuna taifa jingine linaloweza kujivunia: watoto wake hawalii.

Hawalii kabisa. Mtoto akianguka akachubuka goti, anacheka. Akichomwa sindano, anacheka. Akifiwa na mama, anacheka mpaka wazikaji wanainamisha nyuso. Na asitokee mtu akadhani kuna hila hapa. Hila ya nini? Ni malezi tu.

Malezi yenyewe yalianza hivi. Mlezi Mkuu alikuwa akihutubia taifa kuhusu bei ya unga, hotuba tamu, ya tangu asubuhi. Alipofika pale pa kusema, "Hakuna tumbo lisiloshiba katika nchi hii," mtoto mmoja mgongoni kwa mama yake akaangua kilio. Kilio hasa, cha njaa. Mlezi Mkuu akanyamaza. Uwanja mzima ukanyamaza, isipokuwa yule mtoto, ambaye alikuwa bado hajasoma itifaki. Mama akakamatwa kwa uchochezi, mtoto akakamatwa kwa kuwa ndiye aliyekuwa msemaji, na kesho yake redio ikatangaza sheria mpya: mtoto anayelia anaisema Serikali.

Basi ikajengwa Nyumba ya Kukausha Machozi, jengo jeupe lisilo na dirisha. Mtoto akikutwa na chozi, hupelekwa humo. Hurudi, msinifanye mwongo, wengi hurudi. Hurudi wakavu kama makapi ya muwa, ukimwita mmoja wao anaitika, ukimpa chakula anakula, ukimfinya anacheka. Wazazi hupewa pongezi.

Na ili watoto wajifunze mapema, kila Alhamisi jioni wananchi hukusanyika Uwanja wa Upole kuangalia mtu akibembelezwa. Kwa Washwari, Serikali haimpigi mtu, astaghafirullah! Inambembeleza. Rungu linaitwa kibembelezi, na wenye kulishika ni Kikosi cha Mahaba. Anayebembelezwa hulazwa juu ya meza ya zege katikati ya uwanja, wakamshushia vibembelezi mgongoni mpaka mbavu zitoe sauti. Wanaume hucheka, wanawake hupiga vigelegele. Watoto, ambao hukalishwa mstari wa mbele ili waone vizuri, huinua mkono wa kulia na kupaza sauti kwa pamoja, "Ongeza, Baba, ongeza!"

Na Baba, kwa kuwa ni msikivu, huongeza.

*

Juu ya meza hiyo ndipo Dakta Saumu Kilindo alipopatia ujane wake.

Siku hiyo alikuwa akibembelezwa shemeji yake, kwa kosa la kuuliza. Mumewe, Hemedi, alisimama kwenye umati pamoja na wengine akijitahidi kumchekea mdogo wake. Alifungua mdomo, akatoa "ha" ya kwanza, ya pili ikamshinda, ikatoka kwikwi. Moja tu. Askari akageuka. "Huyu analia kwa ndani," akasema, na Hemedi akalazwa ubavuni mwa mdogo wake. Walimpasua kichwa mbele ya mkewe, damu ikamrukia mtoto aliyekuwa mgongoni, binti wa miezi michache aitwaye Mwatumu.

Na Saumu alicheka. Ehe, alicheka! Alikuwa na mtoto mgongoni, ulitaka afanyeje? Alicheka kwa nguvu mpaka askari wakampungia mkono. Tangu siku hiyo hakuwahi tena kukipenda kicheko chake mwenyewe, ingawa Hemedi alikuwa akikipenda sana, kwa ajili ya mwanya. Saumu alikuwa na mwanya mpana wa meno ya mbele, na kila aliposema neno lenye "sh" au "z" ulitoka mluzi mdogo, laini, kama kandege kamo ndani ya shavu. Hemedi alisema kwamba hata kaburini angemjua kwa mluzi huo.

Kwa kazi, Saumu alikuwa mtaalamu wa nafsi za watoto, wa pekee nchini. Alisomeshwa ng'ambo, akarudi na kofia ya mahafali, akapewa chumba kwenye Wizara ya Watoto na Utulivu. Kazi yake kuu ilikuwa kukaa humo ili Wizara iweze kusema kuwa inaye. Waziri, Mheshimiwa Lugome Mdundo, alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye kijiti cha meno kisichomtoka mdomoni. Alikuwa akipita mlangoni kila asubuhi. "Dakta, watoto hawajambo?"

"Hawajambo, Mheshimiwa."

"Sayansi hiyo. Endelea."

Wakaishi hivyo mpaka alipokuja Profesa Vandelin.

*

Profesa huyu alitoka nchi za baridi. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa viatu vya kupandia milima ingawa Shwari ni tambarare tupu. Alikuwa akizunguka dunia na utafiti wake mkubwa juu ya moyo wa mtoto katika tamaduni mbalimbali, na Kiswahili alikisoma vitabuni mpaka kikanyooka kuliko chetu.

Chombo chake cha utafiti kilikuwa mwanasesere wa matambara mwenye vifungo badala ya macho. Mtoto hupewa mwanasesere, amzoee, ampe jina, amlishe na kumlaza. Kisha Profesa humchukua mwanasesere yule, akamchapa fimbo mbele ya macho ya mtoto, na kutazama mtoto atafanya nini. Ndiyo hivyo tu. Watu husafirishwa kwa ndege kwa kazi hiyo.

Na alikuwa ameona mengi. Kwenye nchi ya milimani, watoto walimnyang'anya mwanasesere wakakimbia naye. Kwenye visiwa fulani walimpuliza pale palipochapwa, wakamwimbia. Jangwani walikwenda kumwita bibi yao, na bibi akaja na mchi, Profesa akaokolewa na dereva. Nchini kwake mwenyewe watoto walitaka kujua namba ya simu ya polisi.

Shwari walimpeleka kwanza Shule ya Msingi Tabasamu. Wakaletwa watoto wasafi, sare zimepigwa pasi, wakapewa mwanasesere. Wakamwita Pendo. Wakamlisha chaki kama uji, wakamlaza, wakamfunika leso. Profesa akamtwaa Pendo, akainua fimbo, akachapa.

Darasa zima likainua mkono wa kulia. "Ongeza, Baba, ongeza!"

Na wakacheka, kicheko kilichopangika, kinachoanza pamoja na kuisha pamoja. Profesa akabaki ameishikilia fimbo hewani.

"Inavutia," akasema. "Inavutia mno! Dakta Saumu, hiki ninachokiona ni nini? Ni ukatili, au ni huruma ya aina nyingine?"

Saumu alifungua mdomo. Maneno aliyapata yote, yakajipanga ulimini: Profesa, hawa watoto wamekufa kwa woga, waondoe hapa, wapakie kwenye hizo ndege zako. Nyuma yake akasikia kijiti kikichokonoa jino.

"Mweleze mgeni, Dakta," alisema Waziri Mdundo kwa upole. "Mweleze kisayansi. Kumbuka na wewe ni mzazi."

"Ni desturi yetu, Profesa," Saumu akasema.

"Ah! Desturi!" Profesa alishika kifua kwa mikono miwili. "Basi mimi ni nani hata nihukumu? Kila utamaduni una namna yake ya kusema pole. Mataifa mengine hulia, ninyi mnasema ongeza. Uzuri ulioje!" Akaguswa hata macho yakamlenga maji.

"Vumbi hilo, Profesa," Waziri akasema haraka, akimpa kitambaa. "Futa. Vumbi tu."

Wiki ile ile redio ikatangaza habari njema. Katika utafiti wa Profesa, Shwari imezipita nchi zote kwa utulivu wa watoto. Waamuzi wa kimataifa watakuja Uwanja wa Upole kushuhudia kwa macho yao, na nchi itakabidhiwa Tuzo ya Moyo wa Mtoto, sanamu ya dhahabu ya mtoto anayetabasamu. Mstari wa mbele watakaa watoto wa watumishi wa Wizara. Mtoto yeyote atakayeliaibisha taifa atatoka uwanjani moja kwa moja kwenda Nyumba ya Kukausha Machozi.

Saumu alisikia tangazo hilo akiwa anachambua mchele. Ungo ukamponyoka.

*

Maana nyumbani kwa Dakta Saumu kulikuwa na jinai, sasa nimesema. Mwatumu alikuwa analia.

Alikuwa na miaka minane na alilia kama watoto wa zamani. Alimlilia kuku aliyechinjwa. Alimlilia mjusi aliyebanwa na mlango. Alilia akimwona mlemavu wa sokoni akisukumwa, mama yake akamfunika uso kwa kanga akisema mtoto anaumwa macho. Akianza kulia ndani, Saumu hufunga madirisha na kufungulia redio kwa hotuba za Mlezi Mkuu, kilio na hotuba vikawa vinashindana, na majirani wakamheshimu kwa uzalendo. Kila Alhamisi alimwombea ruhusa ya homa, asiende uwanjani.

Wala hakuwahi kumkataza. Alikuwa akimpakata, anayapangusa yale machozi kwa kidole gumba na kuyatazama. "Huyu wangu yu hai," alikuwa akijisemea. Kati ya watoto wote wa Shwari aliowaona kwa macho yake, ni huyu mmoja tu aliyekuwa hai, naye alimpenda kwa kila chozi.

Sasa afanye nini? Kukimbia haiwezekani, mipakani kuna Kikosi cha Mahaba. Kumficha haiwezekani, safari hii majina yamekwisha somwa. Saumu akafikiri kitaalamu. Akashona mwanasesere kwa gauni lake kuukuu, akamketisha binti yake mkekani.

"Mwatumu, mwanangu, tutacheza mchezo."

"Mchezo gani, mama?"

"Wa kucheka. Mimi nitampiga huyu, wewe utacheka, utanyoosha mkono, utasema ongeza."

Mwatumu alimkumbatia mwanasesere. "Kakosa nini?"

"Hajakosa kitu, mama. Ndiyo mchezo."

Akampiga. Mwatumu akalia. Akampiga tena, mtoto akalia zaidi. Ikawa kila jioni kazi ni hiyo. Ilipita muda mpaka Mwatumu akaweza kumchekea mwanasesere, na Saumu akaona bado haitoshi. Akachukua mwiko wa ugali, akaukunja mkono wa gauni, akajipiga mwenyewe.

"Mama! Unaumia!"

"Cheka, Mwatumu."

"Mama, acha!"

"Cheka, mwanangu, nakuomba, cheka!" Akajipiga mpaka ngozi ikapasuka, na mtoto, ili mama aache kujiumiza, akacheka. Akanyoosha mkono. "Ongeza, Baba, ongeza."

"Mchezo umekwisha," Saumu akasema, mluzi ukitoka mara mbili katika mwanya. Hapo Mwatumu akajitupa mapajani mwake akalia, akalia mpaka gauni likalowa, na mama mtu akalia pamoja naye huku Mlezi Mkuu akiunguruma redioni kuhusu mbolea.

Ndiyo ikawa kanuni yao. Neno hilo likitoka, mtoto ruhusa kulia. Bila neno hilo, kicheko tu, hata dunia ipasuke.

Lakini Saumu aliijua Wizara yake. Wizara ilikuwa imeajiri waigaji, mafundi waliotoka kwenye michezo ya redio, ambao kazi yao ni kusimama nyuma ya dirisha la mtoto na kumwita kwa sauti ya mama yake: njoo ulie kidogo, mwanangu, hakuna anayekuona. Watoto wengi walinaswa hivyo. Wengine walinaswa kwa sauti ya mama ambaye amekwisha kufa, jambo ambalo mimi naona lilihitaji kipaji kikubwa.

"Nisikilize sana," Saumu akamwambia binti yake. "Watakuja watu. Watasema kama mimi, watajifanya mimi. Mtu anaweza kuiga sauti ya mama yako, lakini hawezi kuuiga mwanya wa mama yako. Usiposikia huu mluzi, huyo si mimi. Hata awe na uso wangu, si mimi. Utafanyaje?"

"Nitacheka zaidi."

"Na utasema nini?"

"Ongeza, Baba, ongeza."

"Mwanangu wewe!" Akambusu utosini.

Mwigaji akaja kweli, siku ya Jumapili mchana, akasimama nyuma ya dirisha. Saumu alikuwa jikoni. Akaisikia sauti yake mwenyewe, sawasawa, inaita kutoka upande wa dirishani: "Mwatumu, mwanangu, yamekwisha sasa. Njoo kwa mama ulie." Alikiweka kiganja mdomoni akakiuma. Kisha kikasikika kicheko cha mtoto, kirefu, safi. "Ongeza, Baba, ongeza!"

Mwigaji akaondoka akitikisa kichwa. Wizarani akatoa taarifa kwamba hajapata kuona mtoto aliyeiva kama huyu, na Waziri Mdundo akamwita Saumu kumpa mkono. "Dakta, kumbe nyumbani kwako unafuga nyota ya taifa! Tutamkalisha katikati."

*

Siku ya siku ikafika. Uwanja wa Upole ukajaa pomoni. Jukwaani Mlezi Mkuu katika kiti chenye manyoya, kando yake Waziri, kando yake Profesa na waamuzi wa mataifa, kila mmoja na chupa yake ya maji. Saumu alikaa mwisho wa safu. Chini, katikati ya mstari wa mbele, Mwatumu, nywele zimesukwa, soksi nyeupe.

Mwanasesere akachapwa. Watoto wakacheka, wakaomba aongezewe, akaongezewa mpaka pamba ikamtoka. Hakuna mtoto aliyepepesa jicho. Bendi ikajiandaa. Na hapo mwamuzi mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akanyoosha mkono.

"Samahani. Hawa watoto wanajua lile ni tambara tu."

Profesa Vandelin akasononeka, kwa kuwa ni mtu wa haki. "Kwa ukamilifu wa sayansi," akakubali, "hoja hiyo ina uzito."

Mlezi Mkuu akasimama. "Mnataka kusema wanangu wanacheka tambara? Leteni mtu!"

Askari wakakimbilia mahabusu, lakini Profesa akakohoa. Mfungwa, alieleza, ni mgeni kwa watoto. Ili jambo lipimike, anayeumizwa awe mtu ambaye mtoto anampenda. Ndivyo vitabu vinavyosema.

Waziri Mdundo akakitoa kijiti mdomoni. Macho yake yakatembea jukwaani bila haraka, yakashuka hadi kwa yule mtoto wa katikati, yakapanda tena mpaka mwisho wa safu.

"Dakta Saumu," akasema kwa upole wake ule ule, "sayansi inakuita."

"Mheshimiwa, mimi ni mtaalamu wenu."

"Ndiyo maana. Nani mwingine anaijua njia hii vizuri?"

"Mheshimiwa, nakuangukia. Nipigeni nyumbani, nipigeni popote mtakapo, lakini mtoto asione!"

"Asipoona, Dakta, tutampima nini?"

Profesa aliingiwa na wasiwasi kidogo, na hili nalisema kwa heshima yake. "Lakini Mheshimiwa, huyu bibi ameridhia? Maadili ya utafiti yanadai mtu aridhie."

"Kwetu, Profesa, Serikali huridhia kwa niaba ya mtu kabla hajazaliwa."

"Ah," akasema Profesa, na akaliandika hilo. "Utamaduni."

Akalazwa juu ya meza ya zege, ile ile. Bado palikuwa na alama pale kichwa cha Hemedi kilipopasukia, maana zege haisafishiki. Saumu akageuza uso, akamtafuta binti yake, akamwona. Midomo ya Mwatumu ilikuwa imeanza kucheza. Chozi lilikuwa limekwisha fika kwenye kope, linasubiri msukumo tu, na nyuma ya mtoto amesimama askari ameinama anamchungulia machoni. Likidondoka, Nyumba nyeupe.

"Mwatumu!" Saumu akaita kwa nguvu zake zote. "Mchezo umeanza!"

Kibembelezi cha kwanza kikampata begani, mtulinga ukavunjika kama ukuni mkavu. Cha pili kwenye mbavu. Cha tatu hapo hapo pa cha pili. Maumivu yakampanda mpaka macho yakaona weupe, na katika weupe ule akamwona mwanawe anashindwa, anashindwa, kidevu kinatetemeka. Mungu wangu! Basi Saumu akafanya jambo ambalo waamuzi hawajawahi kuliona katika nchi yoyote. Akacheka. Akiwa chini ya rungu, akacheka, ili kumwonyesha mtoto njia.

Mwatumu akalimeza chozi. Lilirudi ndani, naapa, lilionekana likirudi. Akanyoosha mkono wa kulia na kucheka kicheko cha mama yake, kirefu, safi.

"Ongeza, Baba, ongeza!"

Na watoto wote wakadakia, uwanja ukarindima. Na Baba, kwa kuwa ni msikivu, akaongeza. Askari akatazama ile sauti ya kucheka inakotokea, akapiga hapo. Akapiga mara ya pili. Taya likahama upande, meno ya mbele yakaruka pamoja na damu yakatawanyika juu ya zege. Moja likabingirika hadi kwenye kiatu cha Profesa, naye akausogeza mguu kwa adabu.

Waamuzi wakatoa maksi zote. Hata yule mama wa miwani alisema ameridhika. Bendi ikapiga, sanamu ya dhahabu ikakabidhiwa, Mlezi Mkuu akambeba Mwatumu juu juu ili taifa limwone. Chini ya meza Saumu alikuwa akijiburuta kwa viwiko, akijaribu kusema neno. Ilitoka damu tu.

*

Hospitali walimfunga taya kwa waya. Hakuweza kusema muda mrefu, alinyweshwa uji kwa mrija.

Mwatumu alichukuliwa akaishi Wizarani kama Mtoto wa Mfano. Picha yake ikawekwa kwenye stempu, mkono wa kulia umeinuliwa. Kila wiki aliletwa kumtazama mama yake akiwa na ua mkononi na afisa nyuma yake. Aliingia anacheka. Aliutazama ule uso uliovimba ukageuka kibuyu, akacheka, na wauguzi wakapiga vigelegele kwa kuwa afisa yupo.

Lakini Saumu ni mtaalamu, na ni mama. Siku za mwanzo aliiona pembe ya mdomo wa mwanawe ikitetemeka. Alimwona akisogea kitandani, akiinamisha sikio, akingoja. Bado yumo, Saumu alijiambia. Bado yu hai, ananingoja mimi, na mimi nina neno lake. Aliushikilia ule mtetemeko kama mtu anayekinga kibatari kwa upepo. Alikuwa akihesabu pumzi mpaka waya utoke.

Waya ukatoka. Taya liliunga vibaya, lakini lilifunguka. Siku hiyo afisa alikuwa amekwenda kuvuta sigara uani, wakabaki wawili. Saumu akajiinua. Akamshika mtoto mikono yote miwili.

"Mche'o umeki'a," akasema.

Lilikuwa neno lenyewe. Lakini fizi tupu hazina mwanya, na pasipo mwanya mluzi utoke wapi? Ilitoka sauti nzito, ya kamasi, sauti ya bibi mzee fulani.

Mwatumu akasikiliza. Alikuwa mtoto msikivu, alisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama upande, akiutafuta ule mluzi. Akautazama mdomo. Akautazama uso. Mama alisema watakuja watu watajifanya yeye. Mama alisema hata wawe na uso wake, na huyu hata uso hana.

Akainua mkono wa kulia.

"Ongeza, Baba, ongeza," akasema, akacheka.

"Mwa'umu, ni mimi! Mche'o umeki'a, mwanangu. Lia. Lia, nakuomba!" Saumu aliingiza vidole viwili mdomoni, akavipanga pale meno yalipokuwa, akaacha nafasi katikati, akapuliza. Yakatoka mate.

Kitabu cha Profesa Vandelin kimetoka, nasikia ni kinene na kimesifiwa katika nchi zote alizopita. Sura ya Shwari ndiyo ndefu kuliko zote, na jaladani yupo Mwatumu na soksi zake nyeupe.

Saumu akajaribu tena. Akajaribu tena. Kila alivyomsihi, mtoto akacheka zaidi, maana ndivyo alivyofundishwa na mama yake.